Hiyo Bendera Umevaa, Unajua Rada Yake?

Stage ya Awasi, pale mat za Kisumu zinashukisha kabla zishike barabara ya Kericho, kuna nduthi hakuna mtu haijui. Siti kava yake ni Union Jack nzima, ile bendera ya Mwingereza, nyekundu, nyeupe na bluu, ngozi ya plastiki inang'aa hadi jua la Kano likiipiga unafunga macho. Mwenye nduthi ni beshte yangu na ni msee wa nyadhi kabisa: viatu zimepigwa brashi, shati imepigwa pasi, hata akienda tu kubeba gunia la mahindi. Juzi akaongeza kofia. Aliipata kwa mtush siku ya soko, bale ikifunguliwa, kamera yenyewe kabla watu waguse, akatoa soo mbili bila kuteta. Mbele ya kofia kuna bendera nyekundu, msalaba wa bluu umeikatiza kutoka kona hadi kona, na ndani ya msalaba nyota nyeupe 13.

Base ikaipenda. Wakaiita kofia ya kantri. Mambo yalikuwa fiti hadi siku kazini yake, yaani binamu, alikuja matanga kutoka Texas. Jamaa alishuka, akasalimia wazae kwanza vile inafaa, akageukia beshte yangu, akaganda.

"Omera, vua hiyo kitu."

Hakuwa anacheka. "Mahali naishi, jirani ameipandisha kwa ploti yake. Kila asubuhi nikipeleka mtoi shule lazima nipite hapo. Ananiambianga ni urithi wa babu yake. Sasa mimi na huyo babu yake tungekutana, unadhani angeniita nani?"

Beshte yangu akajitetea vile wengi wetu tungejitetea. Ni kofia. Imetoka kwa bale. Hapa Awasi haijauma mtu. Rangi zinaenda na nduthi. Na mtu akivaa kitu bila roho mbaya, kosa liko wapi?

Hiyo swali ya mwisho ni ya ukweli na inataka jibu la ukweli. Kusema "ni luku tu" haimalizi stori, na kumwita beshte yangu fala pia haimalizi, juu si fala. Hakuna mtu aliwahi kumwambia.

Na si stori iliyokuja na ndege ya kazini peke yake. Julai 26, 2015, Barack Obama, ambaye fathe yake alitoka Nyang'oma Kogelo hapo Siaya, alisimama Kasarani mbele ya maelfu na akaizungumzia hiyo bendera. Watu wengi wanakumbuka siku hiyo vile alisalimia kwa Sheng, ukumbi ukalipuka. Hii part nyingine imesahaulika. Alisema kwao kuna watu wanadai ni ishara ya urithi na inafaa ipepee mahali pa umma, lakini ukweli ni kwamba ilipepea juu ya jeshi lililopigana ili utumwa usiishe. Kuijua kama historia, sawa. Kuipandisha, hapana. Halafu akageuza stori ikatutazama sisi: kitu kuwa cha zamani hakukifanyi kuwa sawa, na hapo akataja kukeketa wasichana, kuoza watoto mapema, kuwaweka wamama nyuma. Alichukua aibu ya kwao akaitumia kutuuliza kuhusu mila zetu. Mimi naona hiyo ndio njia safi ya kuongea na watu.

Sasa cheki hiyo bendera ilikuwa na kazi gani. Kati ya 1860 na 1861, majimbo 11 ya kusini mwa Marekani yalijitoa kwa serikali ya huko na kuanzisha nchi yao. Hawakuficha sababu. Machi 21, 1861, makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alisimama Savannah akasema wazi kwamba msingi wa hiyo serikali mpya ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mzungu, na utumwa ndio mahali pake. Hiyo ilikuwa hotuba ya kujivunia, si siri iliyovuja. Bendera yenye zile nyota ilikuwa ya vita, ikabebwa na jeshi la Robert E. Lee. Walipigwa wakanyosha mikono 1865.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa kitambaa cha makumbusho. Ilirudi kwa nguvu wakati watu weusi walianza kudai haki zao miaka ya 1940 na 1950. Georgia waliichora kwa bendera ya jimbo 1956. South Carolina, bunge lao liliamua 1962 ipepee juu ya jumba la serikali. Weka hizo miaka karibu na zetu: wakati Tom Mboya anapeleka wasee wetu kusoma Marekani kwa ndege, kuna majimbo huko yalikuwa yanapandisha hii kitu ili mtu mweusi ajue mahali pake. Ndio maana mi sinunui hiyo stori ya "ni babu tu tunakumbuka." Babu alikuwa amezikwa karibu karne nzima kabla wakumbuke kumpandisha juu ya bunge.

Juni 17, 2015, kijana mzungu aliingia kanisa la Emanuel huko Charleston, akakaa na watu kwa masomo ya Biblia, halafu akawaua 9. Picha zake na hiyo bendera zilipatikana. Juni 27 dem anaitwa Bree Newsome alipanda mlingoti mbele ya jumba la serikali ya South Carolina akaishusha kwa mkono wake. Akashikwa, na ikarudishwa juu. Julai 10 ikashushwa kabisa, ikapelekwa makumbusho. Obama alipotua Nairobi tarehe 24 mwezi huohuo, hiyo moto ilikuwa bado mbichi.

Vile ilifika Awasi ni rahisi kuelewa. Mtush haina historia. Bale inafungwa huko, inafunguliwa Gikomba ama Kibuye, na kila kitu kinatoka kikiwa kimeoshwa maana yake. Halafu kuna kantri. Hii nchi inapenda kantri kuliko wageni wanavyoweza kuamini. Wazae wa ocha wamekulia kwa Don Williams na Kenny Rogers, na tuko na wetu, Elvis Otieno, yule Sir Elvis, anajaza ukumbi na kofia ya kauboi na gitaa. Hakuna kosa hapo hata kidogo. Hata banjo, ile unasikia kwa kantri ya zamani, ilianzia mikononi mwa Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa. Hizo nyimbo ziko na jasho letu ndani yake. Unaweza kuzipenda usiku kucha bila kuvaa bendera ya waliowafunga hao wachezaji.

Kofia ilitoka, lakini si kwa sababu ya hotuba. Kazini alimwonyesha beshte yangu kwa simu picha za wale 9 wa Charleston, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wamama wa kanisa, na jamaa akaivua mwenyewe akaiweka kwa mfuko. Hakuna mtu alimshangilia. Tukaendelea na chai.

Shida ni siti kava. Hapo alikataa kata kata, na hapo ndio ngori yenyewe iko, juu Union Jack si stori ya Texas. Hiyo ni yetu.

Simama pale stage uangalie upande wa kaskazini. Ule ukuta wa milima unaona ni wa Nandi. Oktoba 19, 1905, huko juu, Koitalel arap Samoei aliitwa kikao cha amani na ofisa wa hiyo bendera, Richard Meinertzhagen. Akapigwa risasi hapohapo na watu wake wakamalizwa. Ukipanda barabara kuelekea Kericho unaingia kwa chai, kijani hadi macho inachoka. Wakipsigis waliondolewa hapo ndio hiyo chai ipandwe. Ukoo wa Talai ulitungiwa sheria yake peke yake 1934, watu wakatolewa kwao wakatupwa Gwassi, kule kando ya ziwa, mbu na mbung'o wakiwa ndio majirani. Watoto na wajukuu wao bado wanadai; 2022 walipeleka kesi hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Na sisi wa huku chini hatukuachwa. Kodi ya nyumba, unalipa kwa kulala kwako mwenyewe. Vijana kubebeshwa mizigo ya vita ya 1914 hadi 1918, wengi wakadedi njiani na magonjwa bila kushika bunduki. Kipande, kile cha kuvaa shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Ndio maana Desemba 1921 watu walijaa Lundha, Gem, Jonathan Okwiri na wenzake wakiwa mbele, harakati ya Piny Owacho ikazaliwa, wakasema kodi na kipande zimetosha na hawataki kuwa koloni la mfalme. Kwaro, yaani babu yangu, alikuwa anasimulia vile babake alikuwa akivua hicho kijikopo usiku tu, na asubuhi kabla ya kunawa uso anakivaa. Hakuwa anasimulia kwa hasira. Alikuwa anashika shingo yake akisimulia.

Sasa mtu akiniambia hiyo rangi ni ya kuwaka tu, mi namsikia, lakini najua abiria wanaopanda hiyo nduthi ni kina nani. Awasi ni mpaka. Asubuhi unabeba Mjaluo anaenda Ahero, saa nne unabeba mama Mkipsigis ametoka Kipsitet na maziwa. Huyo mama anawekwa juu ya hiyo bendera kwa lazima, juu ndio nduthi iko hapo. Hajaulizwa.

Lakini sitaki kudanganya kwamba kila Union Jack kwa hii ploti ni sawa. Kuna nyumba huku Kano utapata kwa sanduku medali ya mzae alipigana Burma na King's African Rifles, na kikaratasi chenye taji juu. Familia inaitoa siku ya kumbukumbu yake, inarudishwa. Hiyo mi naiheshimu kabisa. Huyo mzae alilipa kwa mwili wake, hiyo ni stori yake na watoto wake wako na haki nayo. Tofauti na siti kava ni kubwa: moja inakumbuka mtu, ingine inapamba matako ya mtu asiyejua. Na medali inakaa kwa sanduku la wenyewe. Haijawekwa barabarani ikingoja mama wa Kipsitet.

Pwani wako na stori ngumu kuliko hii, na niliipenda nilipoisoma. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Kuanzia mkataba wa Desemba 14, 1895, Mwingereza alikuwa anatawala ukanda wa maili 10 wa Pwani kwa niaba ya Sultani, na hiyo bendera ikawa inapepea Fort Jesus kuonyesha mwenyewe ni nani. Oktoba 8, 1963, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakubaliana ukanda uingie Kenya, na Desemba ikashuka. Wale wa vuguvugu la Mwambao walioitaka ibaki hawakuwa wendawazimu. Kwao ilikuwa kadhi, msikiti, hati za shamba, heshima ya mji wa zamani. Lakini kuna nyumba nyingine hapohapo Pwani, za watu ambao mababu zao walilima mashamba ya Malindi kama watumwa, na sheria haikufuta utumwa huko hadi 1907. Hao wakiona nyekundu hawaoni msikiti. Wanaona aliyekuwa anawamiliki. Watu wawili, mtaa mmoja, dini moja hata, na kitambaa kimoja kinawapeleka sehemu tofauti.

Mi naegemea wapi? Wazi: ukitaka kujua bendera ni sawa kupandishwa hadharani, anza na yule kazi ya hiyo bendera ilifanywa juu ya mgongo wake. Usianze na roho ya anayepeperusha. Roho yake inaweza kuwa safi kama ya beshte yangu na bado mwingine akabaki ameumia. Simaanishi karao waletwe wavue watu mashati. Serikali ikianza kuchagua kitambaa cha kuvaa, wa kwanza kushikwa tutakuwa sisi. Mtu kwa mwili wake abaki huru, na sisi mabeshte tubaki huru kumwambia. Lakini mlingoti wa serikali, ukuta wa shule, gari linalobeba umma, hapo yule aliyeumizwa asikizwe kwanza.

Na kuna kitu kingine hii Kisumu imenifunza kuhusu hii maneno. Bendera inaweza kugeuka, lakini anayeweza kuigeuza ni yule iliyomuumiza. Angalia yetu, ya Kenya. Oktoba 25, 1969, Kenyatta alikuja kufungua hospitali Kisumu, walinzi wakamwaga risasi kwa watu, watoto wa shule wakiwa kando ya barabara. Agosti 2017, polisi waliingia nyumba moja Nyalenda, na mtoi wa miezi 6, Samantha Pendo, akapigwa rungu, akafa kwa hayo majeraha. Watu waliofanya hivyo walikuwa wanatumikia hiyo bendera. Kwa miaka mingi wasee wa huku walikuwa wanaiona kama bendera ya kina nanihii, si yao. Halafu ikafika Juni 2024. Gen Z wakajaa barabarani, Kisumu ikiwemo, na wote wamejifunga nini? Hiyohiyo. Shingoni, kichwani, kiunoni. Waliishika wakiikabili polisi ileile. Na Oktoba 2025 Raila, yule tunamwita Baba, alipolala, jeneza lake likafunikwa nayo, na kutoka Mamboleo hadi Bondo watu walilia mbele yake. Hakuna tume ilikaa ikaamua. Walioumia waliichukua wakaifanya yao.

Hakuna kitu kama hicho kimewahi kutokea kwa ile ya kofia. Wajukuu wa watumwa kwa ujumla hawajaichukua waseme sasa ni yetu. Na hiyo ya siti kava, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alisimama Nairobi akasema anasikitika sana kwa maovu yaliyofanywa, na neno la kuomba msamaha halikutoka. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekubali kulipa wahasiriwa 5,228 wa enzi ya Mau Mau pauni milioni 19.9 mwaka 2013, na ya Wakipsigis na Watalai bado iko kwa makaratasi. Deni likiwa wazi hivyo, bado mapema kufanya hiyo rangi kuwa pambo.

Nilimwambia beshte yangu haya yote, na akanirudishia moja ambayo imenikalia hadi leo. Akauliza: "Na Luanda Magere?"

Manze. Luanda Magere ni wa huku, wa Sidho, Kano yetu hii. Yule shujaa mwili wake ulikuwa jiwe, hakuna mkuki ulimpata hadi adui wakamletea bibi, siri ikatoka, wakapiga mkuki kivuli chake. Jiwe lake liko, watu wanaendanga kuliona. Na kuna mat inapita hapa Awasi, nyuma imechorwa yeye amesimama na mkuki, mguu mmoja juu ya mtu ameanguka. Huyo ameanguka kila mtu anajua ni nani: ni wa kule juu, Mlang'o, vile sisi Wajaluo tunawaita Wanandi na Wakipsigis. Sisi tunaona urithi. Yule mama wa Kipsitet anaona mtu wa kwao amekanyagwa, kwa mat anayolipa nauli. Na hii si kitu ya zamani. Hapa mpakani, Sondu na Muhoroni, bado kuna miaka nyumba zinachomwa na ng'ombe zinaibwa, watu wanazikwa pande zote mbili.

Kama nimesema sheria yangu ni kuanza na aliyeumizwa, haiwezi kufanya kazi kwa Texas na Kericho halafu ikatae kwa Kano. Luanda Magere haendi popote, huyo ni wetu na tutamchora hadi rangi iishe. Ni huyo wa chini ya mguu sina jibu la kumtetea.

Msanii wa hiyo mat ako na base yake Ahero, na tumeshabonga na beshte yangu twende pamoja wiki hii. Tunataka Luanda abaki na mkuki wake na jiwe lake na mto Nyando nyuma, huyo mwingine aondolewe. Konda anasema mwenye gari alilipia mchoro mzima na lazima aulizwe kwanza. Hiyo ni haki yake. Number yake tuko nayo.